Kipya Kinyemi: Oili ya Motokaa ya Kale



Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Neno hilo lafaa sana kwa jibu letu la juma hili. Mzee mmoja ametuandikia juu ya mwanawe, fundi kijana, ambaye ameajiriwa mjini kuitunza motokaa ya mashindano ya zamani, Datsun 240Z ya mwaka 1972. Mwenye gari amempa fedha akasema, "Nunua oili iliyo bora." Mwenye duka akamwonyesha kopo la oili nyepesi ya kisasa, ghali kuliko zote. Fundi mwenzake naye akamshauri anunue ile rahisi ya kupimwa kutoka pipani, kisha wagawane fedha zitakazobaki. Mzee auliza: mwanangu amsikilize nani?

Mzee wetu, asimsikilize hata mmoja wa hao wawili. Injini hiyo ikifa, kazi ya kijana imekwenda, na jina lake jema limekwenda nayo. Basi afadhali aelewe sababu.

Kwanza tuijue motokaa yenyewe, maana si ngeni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa gari la namna hiyo hiyo, pamoja na Lofty Drews. Tena tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic, ndiyo sababu magari haya yangali yakitafutiwa mafundi.

Sasa oili. Kazi yake ni kutenganisha chuma na chuma visilane, kuchukua joto, na kukusanya uchafu. Juu ya kopo kuna tarakimu, mathalan 20W-50. Tarakimu ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha jinsi oili inavyotiririka penye baridi. Ya pili yaonyesha uzito wake ikiwa moto, nayo hupimwa kwenye joto la digrii 100. Tarakimu ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi.

Injini nyingi za siku hizi hutengenezwa zitumie oili nyepesi, kama 0W-20, ili zipunguze kula petroli. Injini ya 1972 haikutengenezwa hivyo. Beringi zake zilipimwa kwa oili nzito, tena miaka mingi imezila. Ukiitia oili nyepesi mno, nguvu ya oili yaweza kushuka injini ipatapo moto, nayo oili huvuja na kuungua ikatoa moshi wa buluu. Katika nchi ya joto, 20W-50 aghalabu huifaa. Nyanda za juu penye baridi, 15W-40 yaweza kutosha. Lakini asizidishe uzito pia, kwa maana oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu asubuhi, na dakika hizo za kwanza chuma husagana kikavu. Kitabu cha gari kikiwapo, ndicho hakimu.

Kuna jambo la pili, ambalo watu wengi hawalijui. Ndani ya injini hiyo, kwa juu, mna mti wa chuma wenye vinundu, ambao mafundi huuita kemshafti. Uzungukapo, vinundu hivyo husukuma vikono vinavyofungua valvu. Katika injini nyingi za leo vikono vina vigurudumu. Katika 240Z havina, bali chuma husugua chuma kwa nguvu nyingi. Kinachovikinga ni dawa iliyochanganywa katika oili, yenye zinki na fosfori. Dawa hiyo hujipaka juu ya chuma kama ngozi nyembamba, ikaliwa yenyewe badala ya chuma.

Je, oili mpya hazina dawa hiyo? Zinayo, lakini nyingi zimepunguziwa. Magari ya siku hizi yana chombo cha kusafisha moshi katika ekzosi, na fosfori hukiharibu. Kwa hiyo oili nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, zenye alama ya SM iliyotoka mwaka 2004, au SN ya 2010, au SP ya 2020, zimewekewa mpaka: fosfori isizidi sehemu 8 katika kila sehemu 10,000. Watunzaji wa magari ya kale hupenda sehemu kama 10 hadi 14. Basi kopo lile la ghali ni jema kabisa kwa gari jipya, wala mwenye duka hakusema uongo juu ya ubora wake. Kosa ni kulipeleka penye injini isiyo yake.

Kijana afanye hivi. Atafute 20W-50 iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kale, na amwombe wakala karatasi ya kampuni inayoonyesha kiasi cha zinki na fosfori. Asipoipata, wako mafundi watumiao oili ya 15W-40 yenye alama mbili, kama CI-4/SL. Herufi C ni ya dizeli, S ni ya petroli, na oili za namna hiyo aghalabu zina dawa zaidi. Asimimine chupa za zinki za kuongezea kwa kubahatisha, kwani dawa ikizidi nayo hudhuru. Tena hata gari likikaa bandani, oili ibadilishwe walau mara moja kwa mwaka, kwa sababu maji na asidi hujikusanya ndani yake. Injini ipashwe moto kwanza, ndipo oili imwagwe.

Na ile ya pipani? Hakuna ajuaye ilikotoka. Mara nyingine ni oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa tu kwa kitambaa. Rangi yaweza kudanganya jicho, lakini dawa imekwisha na masizi yamebaki. Kugawana fedha zilizobaki ni wizi, hata kama mwenye gari asingejua kamwe. Kijana apeleke risiti na chenji yote, amweleze mwajiri wake kwa adabu kwa nini hakuchukua kopo la bei kubwa. Mwajiri mwenye akili atamwamini zaidi.

Huenda wengine watasema, "Sisi hapa kijijini hatuna Datsun." Lakini tuna pikipiki, na sheria ni ile ile. Pikipiki nyingi, klachi yake huogelea katika oili ile ile ya injini. Ukitia oili ya motokaa iliyotengenezwa kupunguza ulaji wa petroli, klachi yaweza kuteleza, pikipiki ikanguruma bila kupanda mlima. Tafuta kopo lenye alama JASO MA. Mashine ya kusaga nayo ina oili yake, na mara nyingi uzito wake umeandikwa katika kibati au kitabu chake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, usiulize kwanza, "Ipi ni ghali?" wala "Ipi ni rahisi?" Uliza, "Injini hii ilitengenezwa itumie nini?" Kisha hakikisha kifuniko cha kopo hakijafunguliwa, na umwombe mwenye duka risiti.