"Jikaze mama" si dawa (Sehemu ya 4)

Leo ndefu kidogo, kwa hiyo bandika chai, mnyonyeshe mtoto, usome taratibu. Ukikatishwa katikati, rudi baadaye, haitakimbia.

Sehemu ya tatu niliandika kuhusu usingizi wa mtoto mchanga. Meseji zilizokuja baada ya hapo nyingi hazikuwa za mtoto, zilikuwa za mama mwenyewe. Zinafanana mpaka nashangaa: "Nesi, mtoto wangu mzima, mume hana shida, ila mimi sijielewi." Halafu mwishoni: "Lakini najikaza." Hilo la mwisho ndilo limeniweka macho.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema, mnipige baadaye. Kujikaza si afya. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tumefanya "mvumilivu" kuwa cheo cha mwanamke, na cheo hicho kinatufichia wagonjwa. Mimi nimezaliwa Kilolo na kazi nafanyia Mbeya, kwa hiyo hapa sisemi watu wa mbali. Nasema kwetu.

Angalia mwanamke anavyosifiwa huku. Anasifiwa kwa mzigo. "Yule mama ana nguvu, mtoto hajamaliza hata arobaini yuko shambani." Mwezi wa saba, baridi ya Mufindi inauma mpaka kwenye kucha, yeye saa kumi na moja alfajiri yuko njiani na mtoto mgongoni, tunasema huyo ndiye mke. Hata msibani wasifu unasomwa hivyo hivyo: alivumilia sana. Sijawahi kusikia mtu anasifiwa kwa sababu alisema "jamani nimechoka, naomba mnishike mkono."

Sasa tuelewane kidogo kitaalamu, maana watu wanachanganya.

Siku ya tatu mpaka ya tano baada ya kujifungua, mama wengi wanalia ovyo. Homoni zimeshuka ghafla, maziwa yanajaa, usingizi hakuna, kidonda kinauma. Huo si ugonjwa. Mpe chakula cha moto, mchukulie mtoto alale saa mbili, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili inapita yenyewe.

Ikivuka wiki mbili, na kila siku moyo ni mzito, kitu kilichokuwa kinakufurahisha hakikufurahishi tena, unajiona hufai kuwa mama, hiyo tunaiita sonona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa sonona. Wewe hesabu tu benchi la kliniki siku ya chanjo. Wamekaa watano, mmoja anaweza kuwa ndiye. Na huyo mmoja mara nyingi ndiye amemvalisha mtoto vizuri kuliko wote.

Kuna na ya tatu, haitokei sana, inampata mama mmoja au wawili katika 1,000. Mama halali kabisa na wala hasikii usingizi, anasikia sauti, anaongea vitu visivyoshikana, anaamini mtoto si wake au kuna watu wanamwinda. Hiyo ni dharura kama kifafa cha mimba. Hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika. Maombi yanaweza kumfuata wodini, mchungaji anaruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa.

Nirudi kwenye sonona, maana ndiyo inayotupita mbele ya macho. Huku kwetu haiji na machozi. Inakuja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, "nesi nipime presha." Tunapima, iko sawa, anapewa Panadol anaondoka. Nyumbani kazi zote anafanya. Ila kikombe kikimwagika, anampiga mtoto mkubwa kipigo ambacho hata yeye kinamtisha. Mdogo akilia, anamwangalia kama mtoto wa jirani.

Kuna mama mmoja, nabadilisha mambo machache asijulikane. Anauza nyanya, mtoto miezi tisa, uzito hauongezeki miezi miwili mfululizo. Ana mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku jioni, auze asiuze. Akapewa somo la lishe kama kawaida: uji wa lishe, tia karanga, mlishe mara kwa mara, mvumilie anapokula. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema: "Hivyo vyote navijua nesi. Mkono ndio hauinuki."

Naomba ulisome tena hilo. Mkono ndio hauinuki.

Wanaosema akina mama wa Iringa hawajui kulisha watoto, mimi naona wanatuonea. Kweli takwimu zetu ni za aibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 56.9 katika kila 100 chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati Tanzania nzima ni 30. Mkoa wa mahindi, maharage, viazi, maziwa na mboga za kila aina! Kila mwaka inakuja semina ya kumfundisha mama makundi ya chakula. Nani anakuja kumuuliza amelala saa ngapi?

Ajabu ni kwamba jibu tuliwahi kulikaribia sisi wenyewe. Mwaka 1983 Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani walianzisha programu ya lishe mkoani Iringa, ikaanza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo hayakubaki kwenye daftari la nesi, yalipelekwa kwenye kikao cha kijiji, wanaume wakiwepo. Wanakijiji wakaulizana wao kwa wao kwa nini mtoto wa fulani amepungua. Moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni mzigo wa kazi wa mama: yuko shambani siku nzima, mtoto anakula asubuhi na usiku. Wakaanzisha sehemu za kijiji za kuwalea na kuwalisha watoto mama akiwa kazini. Utapiamlo ukashuka. Mwaka 1990 UNICEF ikatoa mchoro wake maarufu wa sababu za utapiamlo, uliojengwa kwa sehemu kubwa juu ya yale ya Iringa, na ndani yake matunzo ya mama na mtoto yakawekwa sawa na chakula na matibabu. Dunia nzima inafundishwa somo lililotoka vijijini kwetu. Sisi tumebaki na "jikaze."

Na si lishe tu. Kule Pakistani, mtaalamu anayeitwa Atif Rahman na wenzake walichukua wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa kawaida, si madaktari wa akili, wakawafundisha kuongea na wajawazito wenye sonona. Wanamtembelea nyumbani, wanamsikiliza, wanamsaidia kuvunja mawazo ya "mimi sifai" na kuwahusisha mume na mama mkwe. Matokeo yalichapishwa 2008. Mtoto akifika miezi sita, waliokuwa bado na sonona katika kundi hilo walikuwa 23 katika 100. Waliotembelewa mara zile zile bila mazungumzo hayo, 53. Kila nikikuta mtu anasema kuongea hakusaidii chochote, namwambia habari hii.

Yule mama wa nyanya naye hakuponywa na mtu wa miujiza. Alipimwa damu kwanza, ikaonekana imepungua (na hili msiliruke, upungufu wa damu unachosha mtu mpaka akadhani ana laana). Akapangiwa siku za kuja kuongea. Wifi yake akaitwa, akakubali kumchukua mtoto asubuhi mpaka saa sita. Mume akaelezwa mkopo ulivyo, maana alikuwa hajui hata nusu yake. Uji ulikuwa ule ule aliofundishwa. Baada ya miezi mitatu mstari kwenye kadi ulianza kupanda.

Ndiyo maana mimi neno uimara nalielewa tofauti na wanaohamasisha redioni. Wanakwambia amka mapema, jiamini, usikate tamaa. Mama huyu anaamka saa kumi! Uimara niliouona wodini na mitaani ni wa mtu mwenye watu. Aliye na wifi, jirani, mama mkubwa, kikundi cha upatu ambacho hakihesabu hela tu bali kinauliza na hali. Ukimtoa hapo ukampeleka kupanga chumba Mwanjelwa, hajui mtu, mume dereva wa lori anarudi mara mbili kwa mwezi, hata angekuwa chuma ataanza kupinda.

Mlioajiriwa, kuna vitu ni haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini bado unanyonyesha, unaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo. Usiombe kama unaomba chumvi kwa jirani. Wa sokoni, wa shambani na dada wa kazi za nyumbani wengi hawana hata hicho, na hapo ndipo familia inatakiwa kuziba pengo.

Shemeji zangu, mko wapi? Sheria hiyo hiyo inampa baba aliyeajiriwa angalau siku tatu ndani ya wiki ya kwanza. Nawaomba zisiishie kwenye kupongezana na kuchoma mbuzi. Usiku mmoja tu, baada ya kunyonya, mchukue mtoto, mcheulishe, mbembeleze, mwache mwenzio alale masaa manne bila kukatishwa. Mwanaume kubeba mtoto mgongoni Uyole hakuna sheria inayokataza. Wakicheka, watacheka wiki moja.

Sasa hili la mwisho naliandika kwa uzito. Watu wa mikoa mingine wanatutania Wahehe, kwamba ukimuudhi anajinyonga. Na sisi wenyewe tunacheka, tunarudia harusini na kwenye daladala. Mimi nimeacha kucheka. Utani huo unafanya mtu akisema "natamani nilale nisiamke" aonekane analeta Uhehe, badala ya kuonekana anaumwa. Juu yake, Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mtu anaogopa hata kutamka hospitalini. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilisema kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Naomba na kwetu ifike siku. Mgonjwa anahitaji kitanda, si mahabusu.

Ukisikia mama anasema maneno hayo, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango. Usimwache peke yake. Dawa za nyanya na za kuhifadhia mahindi zitoke ndani, zifungiwe kwa jirani. Nendeni kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ni wewe unayesoma hapa unayawaza hayo, usisubiri sehemu ya tano, mwamshe mtu aliye karibu nawe sasa hivi umwambie. Namba 199 ya Wizara ya Afya nayo ni ya bure.

Kwa wengine wote: siku ya kliniki ya mtoto, kadi ikishajazwa, usinyanyuke haraka. Sema, "Mtoto anaendelea vizuri, mimi siko sawa." Sema hivyo hivyo. Akikujibu jikaze, muulize daktari au ofisa ustawi wa jamii yuko chumba gani. Matibabu yapo, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, daktari ndiye atachagua. Usiache kunyonyesha kwa kuogopa, wala usiache dawa kwa kuogopa. Uliza.

Mama wakwe, mnaokuja kumkanda mzazi maji ya moto, ndaga fijo, kazi yenu naijua. Mkimkanda, muulizeni na usiku anawaza nini, halafu nyamazeni ajibu. Msimkatishe na ya kwenu ya mwaka 1979.

Sehemu ya tano ni kausha damu na usingizi wa mama, maana mmeniandikia wengi. Mwenye kikundi kilichofanikiwa kumtoa mwenzao kwenye huo mkopo, aniandikie mlifanyaje, bila majina.