Mwenye Mkasi na Macho ya Watoto Wetu



Wazee wa siku hizi tumekuwa hodari wa kulalamika juu ya video za nyimbo. Twalalamikia nguo, twalalamikia maneno, kisha twamwachia mtoto simu ile ile tukaenda zetu barazani. Hayo ya nguo na maneno sitayarudia. Leo namshitaki mtu tusiyemwona: yule mwenye mkasi, anayezikata picha na kuziunga.

Hivi majuzi nilikaa na mjukuu wangu tukaitazama moja ya video hizo, nami nikahisabu kwa tasbihi (Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kuitumia huko). Kila picha ikibadilika, punje moja. Punje 33 zilikwisha na dakika haijatimia. Nikamwuliza, "Umeona picha ngapi?" Akanijibu, "Babu, mbona ni moja tu?"

Hiyo ndiyo hila yenyewe. Mwimbaji tunayemwona hapo haimbi. Wimbo ulikwisha kurikodiwa zamani. Unapigwa, naye achezesha midomo, mara kwa mbali, mara kwa karibu, mara kwa ubavuni, tena na tena, kisha mwenye mkasi huchagua vipande vilivyo vizuri. Akijikwaa, hukatwa. Akichoka, hukatwa. Na wakitaka aende polepole kama yumo majini, na midomo ilingane na wimbo, basi hupigiwa wimbo mbio, akaufuata mbio, kisha picha ikapunguzwa mwendo.

Hata pasipo mkasi, kamera nayo ina yake. Katika "Virtual Insanity" ya Jamiroquai, aliyoitengeneza Jonathan Glazer mwaka 1996, mwimbaji aonekana akiteleza juu ya sakafu inayokwenda. Sakafu haikwenda popote! Kuta ndizo zilizosukumwa, kamera ikaenda pamoja nazo, na macho yetu yakaziamini kuta.

Utaniambia, "Sheikh, huo ni ufundi tu, una dhambi gani?" Ngoja.

Katika Surat Nuur, aya ya 30 na ya 31, wanaume na wanawake tumeamrishwa tuinamishe macho. Na Mtume (s.a.w.) alimfundisha Seyyidna Ali (r.a.) kwamba mtazamo wa kwanza umesamehewa, ama wa pili hauna ruhusa. Sasa tazama mwenye mkasi alivyoikwepa amri hiyo. Akuonyesha kiuno kwa nusu sekunde. Hujawahi kuinamisha jicho, ameshakiondoa. Unatulia. Akirudisha kwa upande mwengine, halafu kwa juu, halafu kwa chini, na kila mara ni kama mtazamo wa kwanza! Mtoto aliyekulia katika picha hizo hakupewa hata nafasi ya kujua kwamba macho ni yake. Kisha twamshangaa anapokuja chuoni akashindwa kutulia na ukurasa mmoja wa msahafu.

Wala wasiseme ati bila ya haraka hiyo wimbo hautazamwi. Mwaka 1990 Sinéad O'Connor wa Ireland, yule ambaye Mwenyezi Mungu alimruzuku Uislamu mwaka 2018, akafariki mwaka 2023, alitoka na video iliyotengenezwa na John Maybury, ambayo sehemu yake kubwa ni uso wake tu, umetulia mbele ya kamera mpaka chozi likamtoka. Watu wa nchi nyingi waliitazama. Simtaji ili kuhalalisha ala za muziki. Namtaja ili mjue kwamba hiyo haraka wameichagua wenyewe.

Basi wewe baba, kumpokonya mtoto simu na kumpigia kelele hakutoshi. Kaa naye. Funga sauti, maana sauti ndiyo gundi inayoficha maungio, kisha mhisabu pamoja. Mjukuu wangu juzi alinijia mwenyewe baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi. "Babu," akasema, "hii nimehisabu 41. Na huyu wanayemsifu kwa kucheza, miguu yake hatukuonyeshwa hata mara moja."