Ghala kuwa nyumba: ukaguzi kwanza, kibali upesi
Mwenye ghala kuukuu la mazao mkoani Singida anayetaka kuligeuza makazi akaguliwe kwa makini, kisha apewe kibali bila kuzungushwa.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ridhaa ya mamlaka ya upangaji kabla ya matumizi kubadilishwa. Ni sharti la haki. Ghala la alizeti hujengwa kwa ajili ya magunia, si watoto: hewa hupita kwenye matundu ya juu tu, choo hakuna, na sakafu huweza kubaki na sumu ya kuulia wadudu.

Lakini kibali kikichelewa, watu huhamia kimyakimya, au jengo imara huachwa likaoza.

Wenye dhamana watangaze masharti, ada na siku za kujibu maombi, na wapeleke wakaguzi kabla mvua hazijaanza.