Tuwakumbuke walinzi wa uhuru wetu, na familia zao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe shukrani zangu kwa walinzi wa uhuru wetu. Mimi ni mke wa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), naishi Iwawa, wilayani Makete. Baridi ya Julai huku kwetu huunguza majani ya viazi, lakini usiku tunalala kwa amani, na alfajiri tunakwenda shamba bila kumwogopa mtu. Huo ndio uhuru ninaoujua.

Uhuru huo una gharama. Desemba 7, 2017, siku mbili kabla ya sherehe za Uhuru, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Tangu hapo, mume wangu akiwa kazini, simu ikilia usiku mikono hunitetemeka kabla sijaipokea. Hata hivyo sijawahi kumwomba aache kazi. Najivunia nchi anayoitumikia.

Ombi langu kwa Watanzania wenzangu: kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tusiishie kuweka mashada mnarani. Tuwatembelee wajane na yatima wa askari walio katika kata zetu, tuwasaidie kulima na kusomesha watoto. Shukrani ya kweli ni vitendo.

Mke wa askari,
Iwawa, Makete.