Sheria Inauliza Kiasi, Haiulizi Mara Ngapi

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati miliki, mkataba wa mauzo, na risiti za saruji, nondo na mabati alizozitunza tangu siku ya msingi. Alikuwa anauza nyumba yake ya Dodoma, aliyoishi kwa miaka 14, ili arudi kwao Singida kumuuguza mama yake. Aliijenga kwa shilingi milioni 38, na mnunuzi amefika milioni 95. “Mwanangu,” aliniuliza, “hii ni nyumba niliyolelea watoto. Nimefanya biashara lini?”

Nikamsomea Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Makazi binafsi hayatozwi kodi ya ongezeko la mtaji, iwapo mwenyewe ameyamiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi na ameishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua 3. Uso ukamkunjuka. Nikalazimika kuendelea: isipokuwa pale faida inapozidi shilingi milioni 15. Ikizidi, msamaha wote huondoka, wala si kwa kile kilichozidi pekee. Faida yake ni milioni 57. Asilimia 10 ya hiyo ni milioni 5.7, na pasipo uthibitisho wa kodi, msajili wa hati hahamishi umiliki.

Mwaka sheria hiyo ilipotungwa, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi elfu moja na ushei. Leo inazidi elfu mbili. Sehemu kubwa ya kile ambacho sheria inakiita faida ya mwalimu huyu ni shilingi yenyewe kupoteza uzito, na hesabu ya gharama zake za zamani hairekebishwi kwa mfumuko wa bei. Fedha atakazopata zitakwenda kununua paa jingine kwa bei ya leo.

Kuna jambo lililonichoma zaidi. Mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Kwa nyumba ya milioni 95, hiyo ni milioni 2.85. Maana yake, mzee wetu angezichoma risiti zake moto mwaka ule alioezeka, leo angedaiwa nusu. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza hilo mtu aliyefundisha watoto wa watu uaminifu kwa miaka thelathini. Nimelieleza hapa.

Sasa mtazame mwenzake. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, limezuka kundi la watu ambao nyumba kwao ni gunia la mahindi. Hununua, hupaka rangi, huweka vigae na geti jipya, huuza baada ya miezi sita, kisha hurudia mtaa wa pili. Mauzo huandikwa mbele ya viongozi wa mtaa, mihuri ikagongwa, lakini uhamisho hausajiliwi. Nyumba ikipita mikono mitatu, mnunuzi wa mwisho ndiye huenda ofisi ya ardhi, naye huhamishiwa moja kwa moja kutoka kwa mmiliki wa kwanza. Walanguzi wawili wa katikati, waliochota faida yote, hawamo katika karatasi yoyote.

Wakibanwa husema: “Ni makazi yangu.” Hapana. Anayenunua nyumba kwa nia ya kuiuza, na akafanya hivyo tena na tena, anafanya biashara. Nyumba hiyo ni bidhaa iliyo dukani, na mapato yake ni mapato ya biashara, ambayo kwa mtu binafsi hutozwa kwa viwango vinavyopanda hadi asilimia 30. Kanuni hii si ngeni. Tume ya Kifalme ya Uingereza ilitaja mwaka 1955 alama za kuitambua biashara: aina ya mali, muda wa kukaa nayo, wingi wa miamala, kazi iliyofanywa kuiongezea soko, sababu ya kuiuza, na nia. Mlanguzi wetu anazo zote sita.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo hubadili kauli akikutana na mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake. Hapo ghafla nyumba huwa “mali ya biashara tu, mama watoto.” Mbele ya kodi ni makazi, mbele ya mke ni bidhaa.

Naye hujichimbia shimo. Uhamisho usiosajiliwa haumpi umiliki. Mwenye jina katika daftari akifa au akidaiwa, warithi na benki huja mlangoni. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Na aliyeandika bei ya uongo, milioni 30 badala ya 70, atadai milioni 30 mauzo yakivunjika.

Wapo watakaoniuliza: ukiondoa kikomo, tajiri wa Masaki hatauza jumba la mabilioni bila senti ya kodi? Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kikomo kifutwe. Nataka kipandishwe na kifungwe kwenye mfumuko wa bei, na msamaha wa makazi utolewe mara moja tu kwa kila miaka mitano. Kenya inamtaka muuzaji awe ameishi humo mfululizo miaka 3 kabla tu ya kuhamisha. Haimuulizi faida ni kiasi gani. Nasi tuiongeze kodi pale inapostahili: kila mauziano yaliyoandikwa mtaani yapelekwe kwa msajili ndani ya muda maalumu, jina la kila mnunuzi wa katikati likiwemo.

Muswada wa Sheria ya Fedha hufika bungeni kila Juni. Wanafunzi wangu walioko wizarani wanajua namna maoni yanavyowasilishwa, na waraka wangu nitawatumia kabla ya Machi. Mwalimu amekwishalipa milioni 5.7 zake. Risiti ameniachia, akasema huko aendako hazina kazi.