Mwendo wa Aliye Dhaifu: Safari ya Aila Katika Milima ya Himalaya



Wasomaji wetu wapenzi, sisi watu wa pwani tumezaliwa na kulelewa katika usawa wa bahari. Mlima tunaoujua wengi wetu ni mteremko wa kivuko cha Likoni. Hivyo aila yetu ilipoazimia kutembea kwa gari kutoka Srinagar, katika bonde la Kashmir, hadi Leh na bonde la Nubra, majirani walituuliza tunakwenda kutafuta nini huko. Tulikuwa watu wanane: mama yetu mwenye umri wa miaka 67, sisi wanawe pamoja na wenzetu wa ndoa, na wajukuu watatu. Haja ya mama ilikuwa kuuona msikiti wa Hazratbal kabla hajafumba macho. Haja ya wajukuu ilikuwa kuishika theluji.

Srinagar iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, nayo ilitupokea kwa upole. Hazratbal ni msikiti mweupe ulio ukingoni mwa ziwa Dal, na ndani yake umehifadhiwa unywele ambao Waislamu wa Kashmir wanaamini ni wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Kando ya mto Jhelum tuliizuru khanqah ya Sayyid Ali Hamadani, mwanachuoni wa karne ya 14 kutoka Hamadan, nchini Iran, ambaye watu wa milima hiyo humtaja hadi leo kwa mchango wake mkubwa katika kuueneza Uislamu kwao. Mama yetu alilia, akaomba dua ndefu, kisha akasema sasa tuwatimizie watoto haja yao.

Barabara ya kwenda Leh ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Hupita Sonamarg penye majani mabichi na misonobari, kisha hupanda hadi kipito cha Zoji La, mita 3,528. Neno «la» katika lugha ya huko ni kipito cha mlimani. Hapo njia ni nyembamba, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde lisiloonekana mwisho, na malori hupishana kwa kusubiriana. Majira ya baridi theluji huifunga. Ukishavuka, nchi hugeuka: miti hutoweka na milima huwa mitupu, ya rangi ya udongo na kutu. Upepo ule ule wa kusi tunaoujua kwetu ndio unaopeleka mvua Bara Hindi, lakini safu za Himalaya huyazuia mawingu, na nchi ya Ladakh iliyo nyuma yake hubakia jangwa la baridi. Mashamba ya shayiri na miti ya aprikoti huota palipofikishwa maji ya theluji kwa mifereji tu.

Tulipita Drass, mji unaosifika kwa baridi kali, tukalala Kargil kando ya mto Suru. Wakazi wengi wa Kargil ni Waislamu wa madhehebu ya Shia, na mwaka 1999 milima inayouzunguka mji huo ilikuwa uwanja wa vita kati ya India na Pakistan. Adhana ya alfajiri iliyotuamsha hapo iliwatuliza hata watoto waliokuwa wakilalamikia baridi. Kesho yake tulivuka Fotu La, mita 4,108, tukapita Lamayuru penye nyumba kongwe ya watawa wa Kibudha, na jioni tukaingia Leh.

Mji wa Leh uko mita 3,500 hivi. Msikiti wake wa Ijumaa, uliojengwa karne ya 17, umesimama sokoni chini ya kasri ya wafalme wa zamani. Hapo ndipo misafara kutoka Yarkand ilipokuwa ikipumzika baada ya kuvuka Karakoram, na miongoni mwao walikuwamo mahujaji walioteremka hadi Bombay kupanda meli za Jeddah. Kwa waja hao, yale tuliyoyapitia sisi ndani ya gari yalikuwa kazi ya wiki nyingi kwa miguu na farasi.

Katika mwinuko huo kila pumzi huleta takriban theluthi mbili tu ya oksijeni tunayoivuta Mombasa au Lamu. Hata jikoni hali hubadilika: maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, si 100, kwa hiyo maharagwe hayaivi upesi, na sufuria ya presha huwa haina mbadala. Mwili nao hutaka siku kadhaa kuizoea hewa hiyo, na kila mtu ana kadiri yake. Kijana mwenye nguvu huenda akalemewa na mzee akasalimika, au kinyume chake.

Usiku wa pili mjini Leh mama yetu alikataa chakula, akasema ameshiba. Tulimwamini, kwa kuwa si mlaji mkubwa. Usiku wa manane mjukuu aliyelala naye alitugongea mlango: «Bibi anatapika, na ameniambia nisiwaambie.» Kumbe kichwa kilimuuma tangu Fotu La, na siku mbili alikuwa akimeza dawa za maumivu kwa siri. Asubuhi ilikuwa zamu ya kuvuka Khardung La kuelekea Nubra. Gari lilikwisha kulipiwa, na vibali wanavyotakiwa wageni kuwa navyo vilikuwa na tarehe zake. Mama hakutaka kuwa yeye wa kuwavunjia watoto safari.

Daktari aliyempima alimtia kidoleni kipimo cha oksijeni, akamtembeza kwa mstari ulionyooka, akamuuliza maswali. Alitufafanulia kwamba kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye dalili hizo hapandi juu zaidi hata hatua moja mpaka zimwishe. Akipanda nazo, ubongo unaweza kuvimba, akawa anapepesuka na kuchanganyikiwa. Au mapafu yakajaa maji, akahema hata akiwa amekaa. Hapo dawa iliyo kubwa ni kumteremsha mara moja, usiku au mchana, na kumpa oksijeni huku mkiteremka. Angevuka kipito asubuhi ile, alisema daktari, huenda mngerudi na habari nyingine.

Wasomaji wetu, mazungumzo ya asubuhi hiyo hayakuwa mepesi. Mmoja wetu alitoa rai kwamba mama abaki hotelini na binti mmoja, wengine waende, kwa kuwa fedha zimekwisha kutoka. Mama mwenyewe aliunga mkono rai hiyo kwa bidii. Aliyetutoa katika mjadala ni mkwe wetu, aliyetukumbusha habari ya Uthman bin Abil-As, radhi za Allah ziwe juu yake. Alipofanywa imamu wa watu wake, Mtume alimwagiza awaswalishe kwa kadiri ya aliye dhaifu miongoni mwao. Ikiwa hiyo ndiyo kanuni ya safu ya swala, mkwe wetu alisema, basi na iwe kanuni ya msafara wetu. Tukakaa.

Siku mbili nzima mama alipumzika na kunywa maji na supu. Siku ya tatu kichwa kikawa chepesi, daktari akampima tena na kuturuhusu. Tulivuka Khardung La, mita 5,359, yaani juu zaidi ya kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Hewa ya hapo ni karibu nusu ya hewa ya kwetu. Watoto waliishika theluji yao, nasi tukaikumbuka ile aya ya Suratul An'am inayoifananisha dhiki ya kifua na hali ya anayepanda mbinguni. Hatukukaa hata robo saa, tukateremka Nubra, ambako bonde liko chini kuliko Leh, tukalala Hunder penye vichuguu vya mchanga na ngamia wa nundu mbili.

Turtuk hatukufika. Ni kijiji cha Waislamu wa Kibalti, karibu na mpaka, kilichokuwa upande wa Pakistan hadi vita vya mwaka 1971, na ndugu wengi wa damu walitenganishwa na mpaka huo. Tulitamani kuswali nao. Siku tulizopumzika zilikuwa ndizo siku za Turtuk, na hatuoni kwamba tulizipoteza.

Linalotushughulisha hadi leo ni ile siri ya siku mbili. Katika majumba yetu mama husifiwa kwa kutosema. Hula mwisho, hulala mwisho, na akiumwa husema ni uchovu tu. Tunaita subira. Lakini subira ni kuupokea mtihani bila kumlalamikia Mola; si kuwaficha wanao ugonjwa unaotibika. Mwili ni amana, na aliye safarini na wenzake ana haki ya kuwaambia hali yake, nao wana haki ya kuijua. Na sisi wana tuna wajibu wetu: kuuliza mara ya pili tunapojibiwa «sijambo», na kuzifanya safari zetu ziwe mahali ambapo mama anaweza kusema «siwezi» bila kuona amewaharibia watu.

Kwa aila inayonuia safari kama hiyo, tunanasihi haya. Muoneni daktari kwanza, hasa mjamzito na mwenye maradhi ya moyo au mapafu. Ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi kwetu pwani, huchochewa na upungufu wa oksijeni, na hata mwenye kubeba chembe zake tu bila kuugua apate ushauri kabla ya kupanda. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ipo, lakini haimfai kila mtu. Pumzikeni siku mbili mkifika Leh. Mkishapita mita 3,000, kila usiku msilale juu ya mlipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Na kila jioni muulizaneni, mmoja baada ya mwingine, mdogo kwa mkubwa.

Wala msizionee haya rukhsa za dini. Kupunguza swala na kuzikusanya, kuswali kwa kukaa kwa asiyeweza kusimama, na kutayamamu kwa anayedhurika na maji ya barafu, yote yana masharti yake. Waulizeni masheikh wenu kabla ya kuondoka. Aliyeziweka rukhsa hizo anajua udhaifu wetu kuliko tunavyoujua sisi.

Mwenyezi Mungu awape mama zetu afya na umri mrefu wenye kheri, awarejeshe wasafiri wetu salama, na atufanye wenye kuhurumiana tukiwa njiani na tukiwa majumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.