Kanuni za Hesabu Hazihamishwi kwa Kunakili Alama

Katika kata ya Tingi, wilayani Kilwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Lindi, msimu wa ufuta ni msimu wa hesabu. Mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha ushirika cha msingi. Mzigo hupimwa, huandikiwa stakabadhi, huwekwa ghalani pamoja na mizigo ya wenzake, kisha huuzwa kwa mnada. Baada ya hapo mkulima hungoja malipo. Kati ya mizani na malipo pana kanuni kadhaa za hesabu ambazo yeye hazioni: kanuni ya makato, kanuni ya wastani wa bei, na kanuni ya mgawo wa kila mmoja. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hapana budi kuongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, iwapo daftari lenyewe limehamishwa vibaya.

Uhamishaji huo ndio jambo linalostahili kujadiliwa. Ofisi nyingi huanza kutunza hesabu zao katika majedwali ya kompyuta, kama yale ya Excel. Kazi inapokua, hutafutwa mtaalamu wa kuandika programu maalumu, naye huzihamisha kanuni zile katika lugha ya programu aliyoizoea. Mojawapo ya lugha hizo ni Ruby, ambayo Yukihiro Matsumoto wa Japani alianza kuitunga mwaka 1993 na kuitoa hadharani mwaka 1995. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni sawa na kunakili barua kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Dhana hiyo si sahihi, na hasara yake humwangukia mtu asiyekuwapo wakati programu inaandikwa.

Wafanyabiashara wa zamani wa pwani, waliopima nafaka kwa pishi na kibaba, walijua kwamba jina la kipimo halitoshi. Hapana budi pia kujua kipimo hicho ni cha wapi. Alama za hesabu katika kompyuta ni hivyo hivyo. Alama ya kugawanya ni moja machoni, lakini kazi yake hubadilika. Katika jedwali la Excel, 7/2 ni 3.5. Katika Ruby, 7/2 ni 3, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima jibu nalo huwa namba nzima, na sehemu iliyobaki hutupwa.

Msomaji na achukue mfano huu. Baada ya makato yote zimebaki shilingi 36,500,000 za kugawiwa wenye mzigo wa kilo 12,000, na mkulima mmoja alileta kilo 350. Karani aliandika katika jedwali lake: 350/12000*36500000. Jedwali likajibu shilingi 1,064,583 na senti 33. Alama hizo hizo zikinakiliwa katika Ruby, mashine hugawanya kwanza 350 kwa 12,000, hupata sifuri, kisha huzidisha sifuri kwa mamilioni yote yale. Mkulima hapati kitu.

Kosa la namna hiyo lina nafuu moja: hupiga kelele. Mkulima aliyeandikiwa sifuri hatanyamaza. Kosa la kuogopwa zaidi ni lile la kimya. Iwapo karani alitafuta kwanza bei ya wastani, yaani 36,500,000 kwa 12,000, jedwali lilimpa shilingi 3,041 na theluthi mbili. Ruby huleta 3,041 tu. Mkulima yule sasa atalipwa shilingi 1,064,350. Amepungukiwa shilingi 233, kiasi ambacho hakitamfanya afunge safari ya kwenda ofisini kuuliza. Lakini katika kilo zote 12,000 zimebaki shilingi 8,000 zisizo na mwenyewe, na hizo ni za mzigo mmoja tu. Haba na haba hujaza kibaba. Swali ni kibaba cha nani.

Jambo hilo lina upande mwingine. Ruby inapogawanya namba nzima, jibu hushushwa daima kuelekea chini. Faida ya shilingi 7 ikigawiwa watu wawili, kila mmoja huandikiwa 3. Hasara ya shilingi 7 ikigawiwa watu hao hao, kila mmoja huandikiwa hasara ya 4. Katika faida hupunjwa na katika hasara huongezewa. Lugha ya C, katika hesabu hiyo hiyo ya hasara, ingeandika 3. Wala si kwamba lugha moja ina akili na nyingine haina. Kila moja imefuata sheria yake, na sheria hizo zimeandikwa wazi kwa yeyote atakayezisoma.

Vipeo navyo vina mitego yake. Alama ^ katika Excel hupandisha namba katika kipeo, hata 2^3 ikawa 8. Katika Ruby alama hiyo hulinganisha tarakimu za namba mbili katika mfumo wa sifuri na moja, na 2^3 huwa 1. Kipeo huandikwa kwa nyota mbili. Hata alama ikibadilishwa kazi haijaisha. Excel husoma -2^2 na kujibu 4. Ruby husoma -2**2 na kujibu -4. Excel huhesabu 2^3^2 kuanzia kushoto na kupata 64. Ruby huanzia kulia na kupata 512. Nalo neno LOG la Excel, lisipopewa kizio, humaanisha logi ya kizio 10, wakati Math.log ya Ruby ni logi asilia: ya namba 100, la kwanza hutoa 2 na la pili hutoa takriban 4.605.

Ulimwengu umekwisha kulipia makosa ya jamii hii. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika muda mfupi baada ya kuruka, kwa kuwa programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuitia namba kubwa ya desimali katika nafasi ndogo ya namba nzima. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa majibu katika vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikayapokea kana kwamba ni ya metriki. Hesabu zenyewe zilikuwa sahihi kila moja kwao. Kosa lilikuwa mpakani.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuandika kila namba kwa desimali. Dawa hiyo husaidia, lakini haitoshi. Katika Ruby 0.1 ikijumlishwa na 0.2 jibu haliwi 0.3 kamili, bali huzidi kwa sehemu ndogo mno, kwa kuwa mashine huhifadhi desimali hizo kwa makadirio. Kwa fedha ni afadhali kutumia namba za sehemu, ambazo Ruby inazo, au kuhesabu kwa senti nzima, na kuamua kwa maandishi baki litakwenda kwa nani. Uamuzi huo si wa mwandishi wa programu. Ni wa wanachama.

Kwa hiyo yafaa chama chochote kinachobadili programu kidai mambo matatu. Kwanza, kila kanuni iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya kuandikwa kwa Ruby, ili mkulima aweze kuikubali au kuikataa. Pili, mifano kadhaa ikokotolewe kwa mkono, ikiwemo ya sifuri, ya hasara na ya baki, na programu isipokewe mpaka itoe majibu yale yale. Tatu, msimu wa kwanza jedwali la zamani na programu mpya vitumike sambamba, na kila tofauti, hata ya shilingi moja, itafutiwe sababu. Kazi hiyo haihitaji mashine ghali. Kijana wa Tingi aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kalamu na karatasi, anaweza kuifanya.